Nyaraka za reli zinavyosimulia wakulima walivyopata soko, kisha wakapoteza mashamba

NI nadra kumkuta mkulima au mchuuzi amekaa chini anasoma ratiba ya treni ya miaka 100 iliyopita. Ratiba ikishapitwa na wakati hutupwa, au huishia kufungia karanga.

Hata hivyo, karatasi za aina hiyo, pamoja na vitabu vya hesabu, viwango vya nauli na ripoti za ajali, ndizo zinazoonyesha vizuri jinsi reli inavyoweza kumtajirisha mkulima anayeishi pembezoni mwa jiji, na jinsi reli hiyo hiyo inavyoweza kumwondoa shambani.

Mfano ulio wazi ni wa Reli ya Long Island, katika Jimbo la New York nchini Marekani. Long Island ni kisiwa chenye urefu wa karibu kilomita 190. Upande wake wa magharibi, yaani Brooklyn na Queens, ni sehemu ya Jiji la New York. Upande wa mashariki kuna wilaya za Nassau na Suffolk, ambazo kwa miaka mingi zilikuwa shamba la kulisha jiji hilo.

Reli hiyo ilipewa hati ya kuanzishwa Aprili 24, 1834, na ndiyo reli kongwe kuliko zote Marekani inayoendelea kufanya kazi kwa jina lake la awali. Mwaka 2019 ilibeba abiria zaidi ya milioni 91, wengi wao wakiwa watu wanaolala vitongojini na kufanya kazi mjini.

Kwa kuwa imeishi muda mrefu, imeacha rundo kubwa la nyaraka. Zipo taarifa za mwaka kwa wenye hisa, ratiba za wafanyakazi, orodha za bei ya kusafirisha mizigo, barua za wakurugenzi, ramani za stesheni na maelfu ya picha.

Nyaraka hizo haziko mahali pamoja. Kampuni iliyoimiliki kwa miaka mingi, Pennsylvania Railroad, iliungana na nyingine na kuwa Penn Central, ambayo ilifilisika Juni 1970. Baada ya hapo karatasi zake ziligawanywa katika hifadhi mbalimbali, mojawapo ikiwa maktaba ya Hagley iliyoko Wilmington, Jimbo la Delaware. Picha za mashamba ya reli zimehifadhiwa na chama cha historia cha Suffolk, katika mji wa Riverhead.

Treni za abiria wa mjini si jambo geni Afrika Mashariki. Jijini Dar es Salaam zilianza Oktoba 2012, na mwezi uliofuata kituo cha Syokimau kilifunguliwa Nairobi. Maswali yaliyomo katika nyaraka za Long Island yanafanana na yale yanayoulizwa huku: nani alipe gharama ya treni, mzigo wa nani upewe nafasi, na ardhi iliyo kando ya stesheni itakuwa mikononi mwa nani baada ya miaka 30.

Reli iliyowapita wakulima

Waanzilishi wa reli hiyo hawakuwa na haja na viazi wala kabichi. Lengo lao lilikuwa abiria wa kutoka New York kwenda Boston.

Wakati huo ilionekana vigumu kujenga reli kupita pwani ya Jimbo la Connecticut, yenye vilima na mito mingi. Hivyo njia iliyochaguliwa ilikuwa kupita katikati ya kisiwa hadi Greenport, kiasi cha kilomita 150 kutoka Brooklyn. Hapo abiria angepanda meli kuvuka maji hadi Stonington, kisha apande treni nyingine hadi Boston.

Reli ilifika Greenport Julai 1844. Kwa kuwa haraka ya kufika Boston ndiyo ilikuwa biashara, ilijengwa ikiwa imenyooka, ikapita kwenye misitu ya misonobari na vichaka ambako hakukuwa na watu. Vijiji vya wakulima na wavuvi vilikuwa kando ya bahari, kaskazini na kusini, mbali na reli.

Wakulima waliokuwa karibu walipata hasara kabla ya faida. Cheche za injini za kuni zilichoma misitu na mashamba, na mifugo iligongwa. Uhasama kati ya wakulima wa Suffolk na kampuni ulianza mapema.

Ndoto ya Boston ilidumu miaka minne tu. Kufikia mwisho wa mwaka 1848, reli nyingine ilikuwa imekamilika kupitia pwani ya Connecticut, pale pale palipodhaniwa hapapitiki. Abiria wa Boston wakahama, na mwaka 1850 Reli ya Long Island ikawekwa chini ya msimamizi wa mahakama kwa kushindwa kulipa madeni.

Ikabaki na mataruma yanayopita msituni, bila mteja wa mwisho wa safari. Hapo ndipo ilipolazimika kuwatazama watu wa kisiwa chenyewe.

Samadi kwenda, mazao kurudi

Katika nusu ya pili ya karne ya 19, njia ndogo ndogo zilijengwa kuelekea kaskazini na kusini, nyingine zikiwa za kampuni pinzani ambazo baadaye ziliunganishwa. Sasa reli ilifika walipo wakulima.

Mizigo iliyobebwa inaeleza uchumi wa wakati huo. Kutoka shambani kwenda jijini kulikwenda maziwa, viazi, kabichi, koliflawa, matango, bata na chaza wa baharini. Katika mji wa Hicksville, kampuni ya Heinz iliweka kiwanda cha kusindika achari ya matango yaliyolimwa jirani.

Kutoka jijini kurudi shambani, behewa halikurudi tupu. Lilibeba samadi. Jiji la New York lilikuwa na farasi wengi wa kukokota mikokoteni na magari ya abiria, na mavi yao yalikuwa kero kwa watu wa mjini. Kwa mkulima wa Long Island, mwenye udongo wa kichanga, yalikuwa dhahabu.

Hii ni hesabu ambayo kila mwenye lori anaielewa. Gari linalopata mzigo kwenda na kurudi linaweza kutoza nauli nafuu kila upande. Farasi walipoondoka jijini na nafasi yao kuchukuliwa na magari, mkulima alipoteza mbolea ya bei nafuu, na reli ikapoteza mzigo wa kurudia.

Wakulima nao walijifunza kwamba mtu mmoja mwenye magunia machache hana sauti mbele ya reli wala mbele ya dalali wa jijini. Mwaka 1901 wakulima wa koliflawa waliunda chama chao huko Riverhead, ili wasafirishe na kuuza kwa pamoja.

Shamba kwenye ardhi mbovu

Mwaka 1900, Pennsylvania Railroad ilinunua hisa za kutosha kuimiliki Reli ya Long Island. Kampuni hiyo kubwa ilitaka kujenga njia ya chini ya mito ili kuingia katikati ya Manhattan, na Long Island ilikuwa sehemu ya mpango huo.

Lakini tatizo la mwaka 1844 lilikuwa bado lipo. Njia kuu ilikuwa inapita katikati ya Suffolk penye vichaka vya mialoni mifupi na misonobari, na watu waliamini ardhi hiyo haioti kitu. Reli isiyo na watu kando yake haina abiria wala mizigo.

Rais wa reli wakati huo, Ralph Peters, alikubali jambo ambalo kampuni chache za reli zilikuwa zimelifanya. Reli ingelima yenyewe, ili kuonyesha kwa vitendo kwamba ardhi ile inafaa.

Kazi alipewa Hal Fullerton, aliyekuwa wakala maalumu wa kampuni. Huyu ndiye aliyekuwa nyuma ya tukio la Juni 1899, pale mwendesha baiskeli Charles Murphy alipoendesha maili moja chini ya dakika moja nyuma ya treni ya Long Island. Alijua kuitangaza reli. Mke wake, Edith Loring Fullerton, alikuwa hodari wa bustani na kalamu.

Mwaka 1905 walianza shamba la kwanza karibu na Wading River. Ardhi ilichaguliwa makusudi iwe mbovu, ili asiwepo wa kusema walipendelewa. Visiki vilipasuliwa kwa baruti, na ekari 10 zikasafishwa. Mwaka uliofuata Edith alitoa kitabu kilichoeleza kazi ya miezi minane ya mwanzo, tangu kufyeka hadi kuvuna mboga. Baadaye shamba la pili, kubwa zaidi, likafunguliwa Medford.

Kuanzia mwaka 1907 reli ilichapisha jarida la kilimo lililoitwa Long Island Agronomist. Ndani yake mkulima alisoma mbegu ipi ilipandwa, lini, na imetoa nini. Rais mstaafu Theodore Roosevelt, ambaye mwenyewe alikuwa mkazi wa Long Island, alitembelea shamba la Medford mwaka 1910.

Jambo linalovutia zaidi kwa mfanyabiashara mdogo ni kapu la nyumbani. Mboga za aina mbalimbali zilipangwa katika vikapu vidogo ndani ya kreti moja, na kusafirishwa kwa treni moja kwa moja hadi kwa mteja mjini. Mteja alipata mboga zilizochumwa karibuni, na mkulima hakupitia kwa dalali.

Ulikuwa mpango wa shamba la mfano, si wa kisiwa kizima. Lakini unaonyesha kwamba wazo la kumpelekea mteja kapu la mboga mlangoni, ambalo leo hutangazwa kama jambo jipya kwenye simu, lilijaribiwa na reli zaidi ya miaka 100 iliyopita.

Je, reli ilifanikiwa? Kwa upande wa kilimo, ilithibitisha ilichotaka kuthibitisha: ardhi ile ilitoa mazao. Lakini wakulima hawakumiminika msituni kama ilivyotarajiwa. Sehemu kubwa ya misitu hiyo ilibaki, na mwaka 1993 Jimbo la New York lilipitisha sheria ya kuilinda, kwa sababu chini yake kuna maji safi yanayonywewa na wakazi wa kisiwa.

Tiketi iliyobadilisha biashara

Wakati Fullerton akipanda mboga Suffolk, kazi nyingine kubwa ilikuwa ikiendelea upande wa magharibi. Mwaka 1905 reli ilianza kutumia treni za umeme. Na Septemba 8, 1910, treni za Long Island zilianza kupita chini ya Mto East hadi stesheni mpya ya Pennsylvania, katikati ya Manhattan.

Kabla ya siku hiyo, abiria alishuka ukingoni mwa mto na kuvuka kwa kivuko. Sasa aliweza kukaa kwenye kiti kimoja kutoka kijijini hadi karibu na ofisi yake. Nyumba yenye bustani, mbali na kelele za jiji, ikawa kitu ambacho karani anaweza kukifikiria.

Kilichomwezesha zaidi ni tiketi ya mwezi. Kampuni za reli za Marekani ziliuza tiketi za muda kwa bei iliyopunguzwa sana kwa mtu anayesafiri kila siku. Punguzo hilo ndilo asili ya jina linalotumika kwa Kiingereza hadi leo kumtaja abiria wa aina hiyo.

Kwa abiria ilikuwa nafuu kubwa. Kwa reli lilikuwa tatizo lililojificha, na vitabu vya hesabu vinaonyesha kwa nini.

Abiria wa ofisini wote wanataka treni saa ile ile, kati ya saa 12 na saa 3 asubuhi, na tena jioni. Reli inalazimika kununua mabehewa na kuajiri wafanyakazi wa kutosha kwa saa hizo chache. Mchana kutwa mabehewa yanalala yadi. Treni inayokwenda mjini ikiwa imejaa inarudi karibu tupu.

Ni kama mama lishe anayelazimika kununua sufuria 20 kwa ajili ya saa moja ya mchana, kisha wateja hao wa saa moja ndio wanaolipa bei ya chini kuliko wote. Wateja wakiongezeka, hasara nayo inaweza kuongezeka.

Miaka 29 ya nauli ile ile

Reli haikuwa na uhuru wa kujipangia nauli. Tume ya Huduma za Umma ya jimbo, iliyoundwa mwaka 1907, ndiyo iliyokuwa na kauli ya mwisho. Na tume hiyo haikuruhusu nyongeza ya nauli kuanzia mwaka 1918 hadi 1947.

Katika miaka hiyo 29 mishahara na bei za vifaa havikubaki pale pale. Pia reli iliendelea kulipa kodi ya ardhi katika maeneo ambayo thamani yake ilikuwa inapanda kwa sababu ya reli yenyewe.

Wakati huo huo serikali ilijenga barabara. Robert Moses, aliyesimamia bustani na barabara za jimbo, alitandaza barabara za kisasa za magari madogo kuelekea fukwe na vitongoji vya Long Island kuanzia miaka ya 1920. Abiria wa mapumziko, waliokuwa wakijaza treni za mwisho wa wiki, wakahamia kwenye magari. Reli ikabaki na wale wa asubuhi na jioni.

Pennsylvania Railroad ilikuwa ikiziba pengo kutoka mfuko wake. Ilipochoka, Reli ya Long Island ilikwenda mahakamani Machi 1949 kutangaza kwamba imefilisika.

Mwaka uliofuata ulikuwa mchungu. Februari 17, 1950, treni mbili ziligongana uso kwa uso huko Rockville Centre, mahali ambapo njia mbili zilikuwa zimebanwa kwa muda kwa sababu ya ujenzi. Watu 32 walikufa. Novemba 22 mwaka huo huo, jioni ya kuamkia sikukuu ya shukrani, treni iliyokuwa imesimama huko Queens kutokana na hitilafu ya breki iligongwa kwa nyuma na nyingine iliyojaa abiria wanaorudi nyumbani. Watu 78 walikufa.

Ripoti za tume ya serikali kuu iliyochunguza ajali hizo ni nyaraka za wazi, ambazo raia yeyote anaweza kuzisoma. Zinaeleza kwa utulivu ishara zilizopitwa na treni ambazo hazikusimama. Zinaonyesha pia kwamba reli hiyo haikuwa na mtambo wa kulazimisha treni kupunguza mwendo pale dereva anapokosea. Mtambo huo ulifungwa baada ya vifo.

Si haki kusema nauli ya chini ndiyo iliyoua watu. Dereva aliyepita ishara hakufanya hivyo kwa sababu ya bei ya tiketi. Lakini kampuni isiyoweza kulipa madeni yake haikuwa na fedha za kununulia usalama kwa wakati. Wahenga walisema rahisi ni ghali.

Viazi vyapisha nyumba

Wakati reli ikihangaika na hesabu, wakulima wa viazi wa Nassau walikuwa na mkosi wao. Mwaka 1941, kwenye shamba lililoko Hicksville, ilitambuliwa nematodi wa dhahabu, aina ya mnyoo mdogo sana anayeshambulia mizizi ya kiazi. Ilikuwa mara ya kwanza kwa mdudu huyo kugunduliwa Marekani.

Ubaya wake ni kwamba mayai yake hujifungia ndani ya kifuko kigumu na kuweza kuishi ardhini zaidi ya miaka 20 bila kiazi. Husafiri kwa udongo unaong'ang'ania kwenye mbegu, magunia, majembe na matairi. Wakulima wa Kenya wanamfahamu, kwa kuwa taarifa ya kwanza ya kuwepo kwake nchini humo ilitolewa mwaka 2015, kutoka Nyandarua.

Mkulima wa Hicksville akawa na shamba lililowekewa karantini, huku stesheni ikiwa karibu na askari waliotoka vitani wakitafuta nyumba. Mwaka 1947 kampuni ya Levitt and Sons ilianza kujenga kwenye mashamba ya viazi jirani na Hicksville. Kufikia mwaka 1951 ilikuwa imejenga nyumba zaidi ya 17,000, mji unaoitwa Levittown.

Hakuna aliyemfukuza mkulima kwa nguvu. Bei ya ekari moja ya kujenga ilizidi kile ambacho viazi vingeweza kulipa kwa miaka mingi. Kodi ya ardhi nayo ilipanda kwa kufuata bei hiyo, hata kwa yule aliyetaka kuendelea kulima. Reli iliyoleta soko karibu na shamba ndiyo iliyolileta jiji juu ya shamba.

Serikali yainunua

Mwaka 1954 jimbo lilikubaliana na reli mpango wa miaka 12 wa kuifufua, ikiwa ni pamoja na kuipunguzia mzigo wa kodi na kuiruhusu nauli ipande. Injini za mwisho za mvuke ziliondolewa mwaka 1955. Mpango huo ulisaidia, lakini haukufuta tatizo la mabehewa yanayofanya kazi saa chache kwa siku.

Hatimaye jimbo liliinunua reli yote kutoka kwa Pennsylvania kwa dola milioni 65 na kuikabidhi kwa mamlaka ya umma iliyoundwa mwaka 1965. Mamlaka hiyo ndiyo inayoitwa MTA tangu mwaka 1968. Nauli hulipa sehemu ya gharama, na kodi hulipa iliyobaki.

Ujenzi haukukoma. Mwaka 2022 njia ya tatu ilikamilika kwenye sehemu yenye msongamano kati ya Floral Park na Hicksville, na Januari 2023 treni zilianza kuingia stesheni mpya iliyoko chini ya Grand Central, Manhattan.

Mizigo, ambayo ndiyo iliyowaunganisha wakulima na reli, ilitolewa mwaka 1997 kwa kampuni binafsi, New York and Atlantic. Kwa wakati huo mazao mengi ya Suffolk yalikuwa yamekwishahamia kwenye malori.

Wakulima waliobaki mashariki hawakukaa wakisubiri zamu yao. Suffolk ilikuwa wilaya ya kwanza Marekani kuanzisha mpango wa kununua haki ya kujenga. Chini ya mpango huo ulioanza miaka ya 1970, mkulima hulipwa fedha na serikali ya wilaya, hubaki na shamba lake, na shamba hilo haliruhusiwi tena kugeuzwa viwanja. Badala ya viazi peke yake, mashamba mengi ya huko sasa yana zabibu, maua na mboga za kuuzia barabarani.

Somo kwa mkulima na mfanyabiashara

La kwanza ni kusoma sera kabla ya kushangilia mradi. Reli ya mwaka 1844 ilipita kwenye ardhi ya wakulima lakini haikujengwa kwa ajili yao. Ratiba na orodha ya bei za mizigo ndizo zinazosema ukweli. Kama treni haisimami penye mazao, au haina behewa la mchuuzi mwenye matenga mawili, basi mradi huo ni wa mtu mwingine, hata kama hotuba ya ufunguzi ilimtaja mkulima.

La pili ni nauli. Abiria hufurahi inapobaki chini, na wanasiasa hupenda kuiacha hivyo. Lakini tofauti kati ya nauli na gharama haipotei. Hulipwa na mlipa kodi kwa uwazi, au hulipwa na reli yenyewe kwa kuacha matengenezo. Njia ya kwanza inaweza kujadiliwa bungeni na kwenye bajeti. Ya pili huonekana siku ya ajali.

La tatu ni ardhi. Stesheni hupandisha bei ya shamba kabla mwenye shamba hajajua. Mwenye hati na mwenye taarifa anaweza kuchagua kuuza, kukodisha au kuendelea kulima. Asiye na hati huchaguliwa na wengine. Wakulima wa Suffolk walipata sheria ya kuwalinda kwa kuwa walikuwa wamejipanga wakati mashamba yangali mikononi mwao.

La nne ni daftari. Shamba la Wading River lilikuwa dogo, ekari 10 tu. Limekumbukwa kwa zaidi ya karne moja kwa sababu kila hatua iliandikwa na kupigwa picha, kuanzia kisiki cha kwanza kilichopasuliwa. Mashamba mengine makubwa ya wakati huo hayana hata jina leo.

Mali bila daftari huisha bila habari, na msemo huo unaihusu reli sawa na unavyomhusu mwenye genge. Stakabadhi za kusafirisha mizigo, hati za shamba, barua za kijiji kuhusu fidia na hata ratiba ya treni inayobandikwa ukutani leo, ni karatasi ambazo mtu atazitafuta siku ya mgogoro. Mahali pazuri pa kuanzia ni jalada moja, lililowekwa mbali na mvua na mchwa.